Zamu ya Sitati

Wiki ya pili baada ya Ogola kurudi nyumbani, chai ilianza kuwa na ladha ya chumvi.

Immaculate alidhani ni Sue, binti yao, aliyekosea mkebe. Akaimwaga, akasugua sufuria, akachota maji mengine kwenye mfereji wa ploti, akaweka majani na maziwa upya. Akaonja. Chumvi. Alitoka na kikombe kitupu mpaka kwa jirani, akamwomba maji aliyoteka kwenye mfereji uleule. Ya jirani hayakuwa na kitu. Akarudi ndani, akaketi nyuma ya cherehani yake, akajiambia ni mabomba. Nyumba za kaunsil za mtaa wa Bondeni ni za siku za reli, na mabomba ya siku za reli yana mambo yake. Hakumwambia mume wake. Mume wake alikuwa shujaa, na shujaa huwezi kumsumbua na mambo ya chai.

Nakuru nzima ilikuwa inamjua Ogola wakati huo. Alikuwa mwalimu wa michezo, mtu wa kawaida tu wa filimbi na kaptura, hadi yeye na shemeji yake Sitati, kaka ya Immaculate, walipoamua kuvuka bahari ya Atlantiki kwa kuvuta makasia, kutoka visiwa vya Kanari hadi ng'ambo ya Karibeani, ili watu wachangie matibabu ya watoto wenye ugonjwa wa damu wa selimundu. Sue alikuwa mmoja wa watoto hao. Ana miaka tisa, na mifupa ikimshika usiku mmoja, wiki nzima ni ya wodi.

Wazo lilikuwa la Sitati. Yeye alikuwa anaendesha boti za watalii Naivasha, na alikuwa anaishi mtaa wa Kihoto huko huko mpaka ziwa lilipoingia nyumbani kwake na kufika madirishani. Wiki hiyo alivuta boti nyumba hadi nyumba, akiwatoa majirani na magodoro yao. Siku moja alikuja kukaa kando ya kitanda cha Sue, dripu ikidondoka, akasema, "Kama naweza kumtoa mtu jikoni kwake hadi barabarani, naweza kuvuta mpaka Amerika. Watu wataniuliza kwa nini. Nitawaambia ni huyu hapa." Ogola alicheka. Halafu usiku huo huo akasema na yeye ataenda.

Walifanya mazoezi miaka miwili. Boti yenyewe waliazimwa na wazungu waandalizi wa safari hizo. Ilikuwa ndogo, na ilikuwa na kijichumba cha nyuma cha kulala mtu mmoja, chenye mlango wa kufunga kwa komeo. Mmoja anavuta masaa mawili, mwingine analala masaa mawili. Wanapokezana zamu hivyo, mchana na usiku, hadi nchi kavu.

Siku ya thelathini na nne Ogola alipiga simu ya setilaiti akilia. Wimbi limemchukua Sitati. Kamba ya usalama ilikatika. Waandalizi walitaka kutuma meli imchukue, akakataa. Akasema atamalizia peke yake kwa heshima ya shemeji yake, na kweli siku kumi na tisa baadaye alifika.

Siku hizo kumi na tisa Immaculate alikuwa anaangalia kwenye simu kile kidoti chekundu kinachoonyesha boti iko wapi. Alikuwa anamlilia kaka yake na kumwombea mume wake kwa wakati mmoja. Na aliona kitu ambacho hakumwambia mtu. Kidoti hakikusimama hata mara moja. Mtu mmoja lazima alale, na akilala boti inaelea tu. Hii ilikwenda mwendo uleule usiku kucha, kana kwamba bado walikuwa wawili. Immaculate aliamini ni roho ya Sitati inayosukuma. Alipiga magoti sebuleni akaishukuru.

*

Baada ya chumvi ikaja harufu. Ilikuwa kama dagaa, omena waliosahaulika kwenye mfuko wa plastiki, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, baridi, cha kutu na majani yaliyooza. Immaculate alimwaga dawa ya jiki kwenye mitaro, akatoa kabati ukutani, akafua mapazia. Harufu ilikuwa inakuja na kuondoka. Siku ya tatu ndipo aligundua kwamba inakuja saa nane mchana na kuondoka saa kumi kamili.

Ilikuwa likizo ya Aprili, Ogola hakuwa anaenda shule. Tangu arudi alikuwa analala masaa mawili na kuamka masaa mawili, usiku na mchana. "Ni mwili umezoea," alimwambia mke wake. "Utaachilia polepole." Akiwa macho alikuwa anaenda kuhubiri makanisani, akiwa amevaa koti la ngozi la Sitati. Koti hilo alipewa na mama mkwe wake, Truphosa, aliyelituma kutoka Sachangwan likiwa limekunjwa ndani ya leso safi. Hospitalini walikuwa wamefungua chumba kipya cha kuongezea watoto damu, na picha kubwa ya Sitati ikatundikwa ukutani. Ogola ndiye aliyekata utepe.

Jumamosi, kama saa nane na nusu mchana, Immaculate alikuwa anashona sare za shule huku Ogola amelala chumbani, na pazia tu kati yao. Jua lilikuwa kali, watoto wa ploti walikuwa wanaruka kamba nje. Aliposimamisha cherehani ili abadilishe uzi, akasikia mlio.

Mbao zililia, zikanyamaza. Kisha maji yakachuruzika. Mbao zikalia tena.

Alidhani Ogola ameamka anafanya mazoezi. Akainuka, akafungua pazia. Ogola alikuwa amelala, uso ukutani, anapumua. Mwisho wa kitanda kulikuwa na kile kigoda kifupi cha kukalia akifua, na Immaculate hakukumbuka kukiingiza ndani. Kigoda kilikuwa kimelowa. Kwenye simiti mbele yake kulikuwa na alama mbili za unyevu, kisigino na kisigino, kama za mtu aliyekuwa ameketi akikaza miguu ili avute kitu kizito. Alichovya kidole. Akaonja. Hakutaka kuonja, lakini alionja.

Jioni alipokuwa anapakua ugali, Sue alimwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, khocha akimaliza zamu yake, anaweza kula na sisi?"

Khocha ni mjomba, na Sue alikuwa na mjomba mmoja tu.

"Khocha gani?"

"Khocha Sitati. Yule hukaa kwa kigoda Baba akilala mchana." Sue alishusha sauti. "Lakini ananipatianga mgongo tu. Sijaona uso."

Immaculate alimlaza mtoto, akakaa kando ya kitanda chao akamsubiri Ogola aamke. Alipofungua macho, alimwambia kwa kunong'ona, "Sue anasema kuna mtu anakaa hapa ukilala mchana."

Mwanamume mwingine angeuliza mtu gani. Ogola aliuliza, "Ameuona uso?"

"Kwa hivyo unajua."

"Imma, wacha hiyo story."

"Unajua, na unalala!"

"Usimwache mtoto aingie huku saa nane hadi saa kumi," Ogola alisema. "Hiyo ndiyo nakuomba. Ni zamu yake, haina shida na mtu. Itaisha tu. Karibu itaisha." Akageukia ukuta, na Immaculate alikaa macho hadi kulipokucha akiutazama mgongo wa mtu aliyezaa naye.

*

Mama Rehema alikuwa Mnubi, mjane, mwenye kuuza mahamri kona ya chini ya Bondeni. Watu walikuwa wanasema anajua mambo hayo kwa sababu marehemu baba yake aliyajua, lakini yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. "Mimi nina unga wa kukanda," ndilo lilikuwa jibu lake. Immaculate alipomweleza juu ya kigoda na ile harufu ya omena, aliacha unga. Alikuja hivyo hivyo, mikono myeupe, akasimama mlangoni bila kuvuka kizingiti.

"Umewahi kufika Mombasa?" aliuliza.

"Bado, Mama."

"Ndiyo maana umedhani ni omena. Mimi nimekaa Likoni miaka sita. Hii ni harufu ya pwani maji yakishakupwa." Akavuta pumzi tena, akakunja uso. "Hiki kitu hakikujileta, mwanangu. Kimeletwa. Na kimeahidiwa jambo, ndiyo sababu kinakaa kwa adabu. Jini aliyeingia kwa nguvu huvunja vyombo. Huyu anangoja."

"Anangoja nini?"

"Mwulize aliyemleta." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Na nikwambie moja, ulishike. Akiwa ameahidiwa kitu, na mwenye kitu hakuulizwa, mwenye kitu anaweza kumnyima. Lakini amnyime yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, wakati huyo jini amekaa. Na asimwonee huruma. Akimwonea huruma hata kidogo, amekwisha."

Immaculate alimpigia mama yake Sachangwan. Hakumweleza kitu. Alisema tu, "Mama, kuja. Ni juu ya Sitati."

*

Truphosa alifika Jumapili baada ya kanisa. Kwa mila za kwao mama mkwe haingii nyumba ya mkwewe, kwa hivyo aliwekewa kiti nje, kando ya mlango, mgongo ukiwa umeegemea ukuta. Sue alipelekwa kwa jirani. Mama Rehema alisimama ndani karibu na cherehani, midomo ikisogea bila sauti. Ilikuwa saa nane kasorobo.

"Sasa sema," Immaculate alimwambia mume wake. "Mama yuko hapo nje anaskia. Sema vile ilikuwa."

Ogola alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa amevaa lile koti. Alitazama viganja vyake, ambavyo bado vilikuwa na makovu ya makasia. Halafu akaanza, na alipoanza alikuwa kama mtu aliyefunguliwa.

Upepo ulikufa siku ya thelathini, akasema. Bahari ikawa kama sahani. Walikuwa wanavuta na hawasongi. Yeye alikuwa na homa, viganja vilikuwa vimetoka ngozi, na usiku wa siku ya thelathini na nne, akiwa amelala kwenye kijichumba na Sitati akiwa nje kwa zamu yake, alisikia harufu ya udongo. Udongo mkavu unaponyeshewa mvua ya kwanza, kama Rongai mwezi wa tatu, huko katikati ya maji ambako hakuna udongo. Na kitu kikaongea kando ya sikio lake, kwa upole, kama daktari. Kilisema, wewe umechoka, mimi sichoki. Nipe kiti kimoja nitakufikisha. Akajibu kwamba viti viwili vina watu wawili. Kikasema, basi taja mmoja.

"Nilifikiria naota, Imma. Naapa."

"Ukataja."

"Nikasema Sitati."

Nje, kiti cha Truphosa kililia kidogo.

"Boti ikainama," Ogola aliendelea, na sasa alikuwa ananong'ona. "Nikamskia akipiga nduru. Kamba yake haikukatika. Ilikuwa inamshikilia, akajivuta nayo mpaka mlango wa kijichumba. Akagonga. Akaniita, shemeji, fungua. Shemeji, kuna kitu imenishika miguu. Na hiyo kitu nyingine, hapo sikioni, ikaniambia ukifungua nitawachukua wawili. Nikashika komeo. Nikalishika na mikono yote."

Midomo ya Mama Rehema ilisimama. Kisha sauti ya Truphosa ikapita mlangoni, kavu, bila machozi.

"Aliita mara ngapi?"

"Mama, mimi—"

"Nimeuliza mtoto wangu aliita mara ngapi."

"Sijui, Mama." Ogola alifunika uso. "Aliita mpaka zamu yake ikaisha."

Immaculate akaketi chini sakafuni. Aliwaza zile siku kumi na tisa alizokaa akitazama kidoti, na magoti aliyopiga hapo sebuleni kukishukuru kilichokuwa kimekalia kiti cha kaka yake.

"Na mbona imekuja hapa?" aliuliza.

"Tulipofika ikakataa kushuka. Ikasema imevuta zamu ya mtu mwingine mpaka imechoka, sasa inataka wa kuipokea. Ikaitisha Sue." Ogola aliinua uso, na machoni mwake kulikuwa na kitu kibaya kuliko woga: matumaini, kama ya mtoto anayengoja kusifiwa. "Nikakataa, Imma. Hapo nilikuwa mwanaume. Nikasema hapana, mtoto hapana. Nikaipatia jina lako."

"Langu?"

"Nilimwokoa Sue."

Immaculate alimtazama. Miaka kumi na moja ya ndoa, na ilikuwa kama kuona mtu aliyekosea nyumba akaingia na viatu.

"Mara ya kwanza iliuliza ukasema Sitati," alisema polepole. "Mara ya pili ukasema mimi. Jina lako lilikuwa limeenda wapi, Ogola?"

Ogola alifungua mdomo kujibu, na saa nane ikafika.

Alianguka ubavu kitandani kama taa iliyozimwa. Harufu ikajaa chumbani kwa mkupuo, mbao zikalia, na mwisho wa kitanda, kwenye kigoda, mchana kweupe, huku nje watoto wakihesabu kamba na redio ya mtu ikiimba kwaya, mgongo mpana uliovaa fulana iliyolowa uliinama mbele na kurudi nyuma, ukainama na kurudi, mikono ikivuta kitu kisichoonekana, na maji yakimtiririka shingoni na kuingia kwenye lile kovu la begani ambalo Sitati alilipata utotoni alipoanguka kwenye mti wa mapera, jeraha ambalo Immaculate mwenyewe ndiye aliyelifunga kwa kitambaa cha kichwa cha mama yao.

"Imma," mgongo ulisema. Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa ile sauti ya kuchoka ambayo Sitati alikuwa nayo jioni akitoka ziwani. "Imma, dada yangu. Mikono imeisha. Kalia kiti changu kidogo tu. Nipumzike kidogo, halafu nitarudi."

Mama Rehema alianza kusoma dua kwa sauti.

"Niliita hakuna mtu alifungua," mgongo ulisema, na ukaanza kulia, vile Sitati alikuwa analia, kwa kujizuia, mabega yakiruka. "Na wewe pia unanifungia? Nalala wapi, Imma? Huku chini ni baridi, huku chini hakuna mahali pa kukanyaga, nikalie dakika moja tu, dakika moja nishike mkono ya mama."

Na Immaculate alitaka. Hilo ndilo aliloungama baadaye, kwamba alitaka kwa mwili wote, kwamba magoti yake yalishaanza kusogea kwenye simiti iliyolowa kuelekea kwenye kigoda, na mkono wake ulikuwa umeinuka, na kati yake na lile bega kulikuwa na nafasi ya kupitisha kitabu tu, wakati mama yake alipopiga ukuta kwa ngumi kutoka nje na kusema kwa Kibukusu kwamba mtoto wake amezaliwa mara moja na amekufa mara moja.

Mkono ukasimama.

"Wewe si Sitati," Immaculate alisema. "Sitati angeniambia nikimbie. Na mimi sikupewa na mtu. Jina langu ni langu. Nimekataa. Sikalii, sikupokei, sikuonei huruma. Nimekataa."

Makasia yasiyoonekana yalisimama. Mgongo ukanyooka. Kile kitu hakikumgeukia. Kiligeukia kitanda, polepole, na Immaculate akafumba macho asiuone uso. Akasikia maji yakidondoka hatua moja, hatua mbili, mpaka kichwani kwa Ogola. Kikauliza jambo kwa sauti ya chini. Na Ogola, ambaye alikuwa amelala kama maiti, akajibu. Immaculate hakusikia alichosema. Aliyesikia ni Truphosa, kwa sababu kitanda kilikuwa kimepakana na ukuta alioegemea.

Ogola alisema, "Ngoja. Nitakutafutia mwingine."

Harufu ikatoka mlangoni kama mtu anayepita. Truphosa alihisi baridi ikipita juu ya magoti yake na kwenda njia ya geti. Robo saa baadaye Ogola aliamka, akajaza nguo kwenye mfuko, akatoka bila kumtazama mtu. Alipopita kwenye kiti cha mama mkwe wake alivua koti, akaliweka chini karibu na miguu yake. Truphosa hakuliokota.

*

Immaculate alihamia Sachangwan na mtoto na cherehani. Nyumba ya Bondeni ilikuwa safi, chai ilikuwa chai, lakini hakuweza kukaa humo.

Alijaribu kusema. Polisi aliandika mistari mitatu, akaweka kalamu chini, akauliza kama huyo jini ana kitambulisho. Mchungaji alimwambia ni majonzi, yatapita. Kina mama wa kikundi cha selimundu, waliokuwa wamekaa naye wodini usiku mwingi sana, walimsikiliza hadi mwisho, halafu mmoja akasema kwa upole, "Mama Sue, usituharibie. Ogola ndiye amefanya watoto wetu waonekane." Akaacha kusema. Alishona, akamsaidia mama yake kupanga viazi kwenye ndoo kando ya barabara kuu. Sue aliuliza juu ya baba yake kila siku. Kila jioni Ogola alikuwa anampigia simu zamani akienda safari, na mtoto bado alikuwa anakaa karibu na simu saa hiyo. Immaculate hakuwa na moyo wa kumwambia. Alimwambia Baba yuko kazi ya mbali.

Mwezi wa tisa aliona tangazo kwenye simu. Ogola alikuwa anatabasamu ndani ya boti mpya. Safari hii ilikuwa Bahari ya Hindi, kwa ajili ya watoto walewale, na mwenzake alikuwa nesi wa wodi ya watoto, kijana mrefu mwenye meno mazuri, aitwaye Kipkorir. Mazoezi yalikuwa Naivasha. Nambari ya nesi ilikuwa hapo chini, kwa wanaotaka kuchangia.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Immaculate alipiga akiwa amesimama kati ya magunia. Simu ilishikwa haraka.

"Sema, madam. Ongea haraka tu, tuko kwa maji."

"Kipkorir, mimi ni bibi ya Ogola. Ako wapi?"

"Kocha Ogola? Ako hapa mbele amelala kidogo. Huyu mzee anavuta, eh! Hachoki."

"Mko wangapi kwa boti?"

"Watatu," Kipkorir alisema. "Mimi, kocha, na huyu shemeji yake alikuja kutusaidia leo. Ako hapa nyuma yangu. Haongeangi sana." Akacheka kidogo. "Si unamjua? Sitati."

Barabarani lori lilipita likiunguruma kupanda mlima. Immaculate alingoja lipite.

"Kipkorir, nisikize na usigeuke. Sitati ni kaka yangu. Alikufa baharini. Picha yake iko kwa ukuta, kwa chumba yenu ya damu. Wewe hupita hapo kila siku."

Kicheko kilikwisha. Alisikia pumzi ya kijana, halafu mbao zikilia, zikinyamaza, zikilia.

"Ile picha," Kipkorir alinong'ona. "Mungu wangu. Nilisahau aje? Ile picha."

"Umevaa jaketi ya kuelea?"

"Nimevaa."

"Ufuo unaonekana?"

"Naona. Naona mashamba ya maua ya—Madam, ameacha kuvuta. Amesimama. Anasema nimpe simu akusalimie."

"Ruka," Immaculate alisema. "Ruka sasa."

Simu iligonga sakafu ya boti. Maji yakapasuka, na kwa mbali akasikia mikono ikiyapiga, ikienda, ikienda. Simu haikukatika. Ilibaki pale ilipoanguka, na ndani yake Immaculate akamsikia mume wake akiamka na kuita, "Kipkorir? Kipkorir!" Kisha sauti ya upole, kama ya daktari, ikauliza, "Na sasa nani?"

Ogola alianza kulia. Immaculate alikijua kilio hicho. Alikisikia wakati Sue alipozaliwa. Akakata simu kabla hajasikia jina.

Alitembea hadi mahali mama yake na Sue walipokuwa wanafuta viazi udongo. Alikaa katikati yao. Alimshika mtoto mkono, na mkono wake mwenyewe ulikuwa baridi kiasi kwamba Sue aliutazama.

"Mama, ni nini?"

"Leo mtu akikuita, usiitike," Immaculate alisema. "Hata kama ni sauti unajua."

Truphosa hakuuliza. Aliweka kiazi chini, akasogea karibu. Walikaa hivyo watatu, magari yakipita, jua likiwa wima. Halafu Sue akanyoosha shingo. Uso wake ukafunguka wote kwa furaha, akageuka kuelekea barabarani ambako hakukuwa na mtu, akajaza pumzi, na Immaculate akamziba mdomo kwa kiganja kilichojaa udongo.

"Ni Baba," Sue alisema ndani ya kiganja. "Mama, wacha, ni Baba! Anasema amechoka. Anasema nimpokee kidogo tu."

Truphosa aliinama, akaushika uso wa mjukuu wake kwa mikono yote miwili na kuugeuza umwangalie.

"Sema hapana."

"Lakini, Kukhu, analia."

"Mimi najua analia. Hakuna mtu anaweza kukusemea hii. Mwambie hapana."

Sue alitazama barabara, akatazama nyanya yake, akatazama mama yake, akitafuta hata mmoja wa kumwambia kwamba ni mchezo. Immaculate aliondoa kiganja mdomoni mwake.

"Hapana, Baba," Sue alisema, kwa sauti ndogo sana, na baada ya hapo hakumwuliza mtu tena baba yake yuko wapi.